Mkono wa Kushoto: Guzengi ya Texas na Masikio ya Wasikilizaji



Leo naomba kuongelea chombo cha watu wengine, ila kabla ya kumaliza nitakuwa nimegusa na cha kwetu. Chombo chenyewe ni kile Wachina wanachokiita guzheng. Wazee wetu waliipokea qanun ya Waarabu wakaitamka ganuni, basi na mimi nitafuata desturi hiyo hiyo na kuiita guzengi. Tulio Houston na Dallas–Fort Worth wengi tunaijua kwa macho: ukikaribia Mwaka Mpya wa Kichina hukosi kualikwa na jirani au mfanyakazi mwenzio kwenda kumwona binti yake akipiga. Hoja yangu naiweka mbele mapema, ili mwenye haraka asihangaike kuitafuta: wapigaji wa guzengi Texas wapo, tena hodari. Kinachopungua ni wasikilizaji wanaojua wasikilize nini. Na upungufu huo, kwa maoni yangu, unakila chombo polepole huku sote tukipiga makofi.

Kwanza tuelewane juu ya chombo. Asiyekijua aikumbuke ganuni, kisha aivute iwe ndefu. Guzengi ya kawaida siku hizi ina urefu wa sentimeta 163 hivi na nyuzi 21 za chuma zilizoviringwa nailoni. Chini ya kila uzi pana kidaraja kinachosogezwa. Mpigaji hujifunga kucha za bandia vidoleni kwa utepe. Nyuzi hulinganishwa kwa sauti tano tu: do, re, mi, so, la. Fa na ti hazina uzi wao. Ukizitaka, huna budi kuzitafuta kwa mkono wa kushoto: unabonyeza uzi upande wa pili wa kidaraja, uzi unakaza, sauti inapanda. Kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaotoa sauti, na wa kushoto ndio unaoishughulikia baada ya kutoka: unaipandisha, unaishusha, unaitetemesha, unaifanya ilie.

Hapo penye mkono wa kushoto ndipo zilipo lahaja za guzengi. Ndiyo, lahaja, sisemi kwa mzaha. Kuna ya Henan, ya Shandong, ya Chaozhou, ya Wahakka, ya Zhejiang, na nyinginezo. Chukueni mfano wa Chaozhou, kusini huko karibu na bahari. Wao wana mtindo mwepesi unaokwenda kwa sauti tano za kawaida, na mtindo mzito ambao ndani yake nyuzi za mi na la hubonyezwa mpaka zikawa kama fa na ti. Nyuzi ni zile zile, vidole ni vile vile. Uzito wa kubonyeza tu ndio umebadilika, na wimbo wa furaha umegeuka wimbo wa majonzi. Na hiyo fa si ile ya piano. Imesimama katikati ya njia, pale ambapo piano haina kibonyezo. Aliyelelewa na ganuni na udi atanielewa mara moja, maana maqam nazo zina sauti zinazokaa katikati ya njia namna hiyo.

Sasa tuje Texas. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ndiyo iliyofungua mlango kwa Waasia wengi kuingia Marekani. Mwaka 1979 Marekani na China zilianzisha uhusiano rasmi, na mwaka huo huo Deng Xiaoping alifika Houston, na China ikafungua ubalozi wake mdogo mjini humo. Ubalozi huo ulifungwa Julai 2020 kwa amri ya serikali ya Marekani. Masomo ya guzengi hayakufungwa nao, kwa sababu hayakuwa yakiishi ubalozini. Yanaishi katika sebule za Sugar Land, Katy na Plano, na katika shule za Kichina za Jumamosi na Jumapili. Wazazi ni wahandisi wa mafuta, watafiti wa hospitali, watu wa simu na kompyuta kule Richardson. Wanaendesha gari saa nzima kumpeleka mtoto kwa mwalimu, wanamngoja, wanamrudisha. Majukwaa nayo hayakosekani: Houston kuna ukumbi wa wazi wa Miller katika bustani ya Hermann, na kuna Asia Society iliyofungua jengo lake 2012, Dallas kuna makumbusho ya Crow yaliyofunguliwa 1998. Sisi Waswahili tulioko mji huo huo, hebu tuulizane kwa unyenyekevu: nani kati yetu anaendesha gari saa nzima kumpeleka mtoto akajifunze udi?

Kilichowasaidia wenzetu ni ngazi. China ina mitihani ya vyombo inayoitwa kaoji, yenye daraja tisa au kumi kutegemea taasisi inayoitoa, na mitihani hiyo hufanyika nje ya China pia, Marekani ikiwemo. Mtoto anajua yuko daraja la nne, mwakani anataka la tano. Mzazi anajua analipia nini. Mwalimu ana mtaala. Kisha juu ya ngazi pamewekwa dari: tangu 2018 chuo cha Bard, jimbo la New York, kina mpango wa shahada ya vyombo vya Kichina kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Muziki cha Beijing. Hilo si jambo dogo. Vyombo vingi vya wahamiaji vimekufa katika kizazi cha pili kwa kukosa ngazi kama hii. Kwa hiyo atakayenisoma kwamba naidharau kaoji, arudie aya hii.

Lakini ngazi hupima kinachopimika. Mtahini anaweza kuhesabu noti zilizokosewa. Anaweza kusikia kama kasi imefikiwa au haikufikiwa. Ni vigumu zaidi kwake kutoa alama kwa namna mtoto alivyoiacha sauti ishuke taratibu baada ya kuibonyeza, hasa kama mtahini mwenyewe ni wa Zhejiang na kibao ni cha Henan. Matokeo yake mnayaona kwenye ratiba za maonyesho. Wanaoanza hupewa Yu Zhou Chang Wan, yaani wimbo wa mashua za wavuvi jioni, kibao cha miaka ya 1930 kinachonasibishwa na Lou Shuhua. Ni kizuri, na mwisho wake mikono inateleza juu ya nyuzi kama mawimbi. Na anayefunga onyesho, yule mkubwa anayejiandaa kwenda chuo, mara nyingi hupiga Zhan Taifeng, Kupambana na Kimbunga, alichokitunga Wang Changyuan mwaka 1965 alipokuwa bado mwanafunzi Shanghai. Hiki ni kishindo. Kidole gumba kinakwenda mbio bila kupumzika huku nyuzi zikifagiliwa, mkono wa kushoto nao unapiga na kugonga. Mtu asiyejua lolote juu ya guzengi atasimama apige makofi. Nami simlaumu, kibao kilitungwa kiwe hivyo.

Shida yangu si kibao. Shida ni kwamba kimekuwa ndiyo mizani ya vibao vyote. Mwaka 1955 Zhao Yuzhai, mtu wa Shandong, alitunga Qing Fengnian na kuupa mkono wa kushoto kazi mpya: kuvuka vidaraja na kupiga nyuzi pamoja na wa kulia. Ilikuwa ni nyongeza, na mtungaji alikuwa ameshakomaa katika mkono wa kushoto wa kale. Wang Changyuan naye ni binti wa Wang Xunzhi, bingwa wa Zhejiang. Alikulia ndani ya lahaja kabla ya kuandika kimbunga. Mtoto wa Plano anaanzia pale wao walipofikia. Mkono wake wa kushoto umejifunza kuwa mkono wa pili wa kulia. Ukimpa kibao cha Chaozhou cha mwendo wa pole atakupigia noti zote, hakosei hata moja, na bado utahisi kama unasomewa barua ya mapenzi na mashine ya benki.

Mwandiko nao una mkono wake katika jambo hili. Wanafunzi wengi husoma jianpu, muziki wa tarakimu, 1 kwa do, 2 kwa re, na kuendelea. Asili yake ni Ufaransa, na ni jamaa wa zile do-re-mi za herufi ambazo wamisionari waliwafundishia wanakwaya wetu Afrika Mashariki na ambazo kwaya nyingi zinazitumia hadi leo. Ni mwandiko mwepesi, wa bei nafuu, unaopigika chapa popote. Kubonyeza kunaonyeshwa kwa kimshale, mtetemo kwa kimstari cha mawimbi. Ubonyeze kiasi gani? Upande kwa haraka au kwa kujivuta? Utetemeshe kwa upana wa Henan au kwa wembamba wa Zhejiang? Kimshale hakisemi. Hilo lilikuwa likisemwa na mwalimu kwa mdomo na kwa mkono wake mwenyewe, miaka nenda miaka rudi.

Sisi wa lugha tunayajua haya vizuri, ndiyo maana nimethubutu kuyaleta hapa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ikaanza kazi 1930. Tulipata kamusi, vitabu vya shule, magazeti, na lugha inayomfikisha mtu kutoka Lamu mpaka Lubumbashi. Hizo ni faida, na hata sisi tunaofundisha Kiswahili Marekani mshahara wetu umetoka humo. Lakini tahajia sanifu inaandika "paa" ya mnyama na "paa" ya nyumba kwa namna moja, wakati Mmvita ya kwanza anaitamka kwa pumzi na ya pili bila pumzi. Mwanafunzi anayejifunza kwa kitabu tu hajui kwamba kuna kitu cha kusikia. Pumzi ile ndiyo mkono wa kushoto wa lugha. Haikufa kwa sababu ya tahajia. Palipo na mama na bibi wanaocheka mtoto akiitamka vibaya, ipo mpaka leo. Inapokufa, hufa pale ambapo hapana wa kucheka.

Na hapa ndipo nazirudia ganuni na taarabu. Zanzibar ilikuwa na kitu ambacho Texas haina. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture tangu 1958, na kwa miongo mingi hapakuwa na mitihani wala daraja. Ufundi ulipita kwa kukaa karibu na fundi. Kilichoulinda ni hadhira. Mwenye kuhudhuria taarabu anajua kutunza maana yake nini: mtu anainuka na pesa yake pale ubeti au sauti ilipomgusa, hainuki kabla wala baada. Ule ni uhakiki, tena wa papo kwa papo. Mwimbaji anajua amefika au hajafika. Mpigaji ganuni anayeingia kwa taksimu ovyo anasikia ukimya wa wazee, na ukimya wa wazee unauma kuliko sifuri ya mtahini. Jina lenyewe la taarabu asili yake ya Kiarabu ni kuguswa moyo na kinachosikika. Yaani muziki umepewa jina la hali ya msikilizaji.

Msidhani nawapaka rangi watu wa nyumbani. Masikio peke yake hayakutosha. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa iliposhika kasi, kinanda cha umeme kilikaa kwenye kiti cha ganuni, na zile sauti zinazokaa katikati ya njia zikaanza kupotea, kwa sababu kinanda cha kawaida hakina pa kuziweka. Wapigaji ganuni wakawa wachache. Wapo waliobaki, kama Rajab Suleiman wa Culture, lakini chombo hakiwezi kutegemea wachache waliobaki. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa 2002 hapo hapo Unguja, na kikaleta ngazi: vijana, wasichana wakiwemo, wakafundishwa ganuni, udi na fidla kwa utaratibu. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Kwa hiyo Unguja ilikuwa na masikio ikapungukiwa na ngazi, na hata ngazi ilipopatikana imekuwa ikiyumba. Texas ina ngazi imara na masikio yamelala. Anayetaka chombo kiishi anahitaji vyote viwili.

Wachina wenyewe wanalijua hili kuliko mimi. Wana kisa cha kale cha Bo Ya, fundi wa guqin, ile yenye nyuzi saba. Bo Ya alipopiga akiifikiria milima, rafiki yake Zhong Ziqi alisema anaiona milima. Alipopiga akiyafikiria maji, Ziqi aliyaona maji. Ziqi alipofariki, Bo Ya alikata nyuzi akavunja chombo, hakupiga tena maisha yake yote. Kutokana na kisa hicho neno zhiyin, yaani mjuzi wa sauti, limekuwa jina la rafiki wa kweli. Kisa hicho kimezaa kibao, Gao Shan Liu Shui, na guzengi nayo inacho: Zhejiang wana chao, Henan wana chao, Shandong wana chao, jina moja na muziki mbalimbali. Lakini angalieni ratiba za maonyesho yetu ya Texas: mara nyingi litaandikwa jina tu. Cha wapi? Hakisemwi. Ni sawa na kuandika "shairi la Kiswahili" bila kusema kama ni la Kiamu au Kimvita, kisha kutaka watu walifurahie.

Najua atatokea wa kusema: hawa ni watoto wa Marekani, wamezaliwa Houston, kwa nini wadaiwe lafudhi ya Henan wasikowahi kufika? Hoja hiyo naiheshimu. Mtoto wa Houston ana haki ya kuwa na lafudhi ya Houston. Siku atakapobonyeza uzi wa guzengi kama mpiga gitaa wa bluzi wa Texas anavyouvuta uzi wake, nitakuwa wa kwanza kutunza, maana watu hao wawili wanafanya jambo moja: wanatafuta sauti isiyokuwa na kibonyezo kwenye piano. Hiyo itakuwa lahaja mpya, nayo itakuwa na mkono wa kushoto. Ninachokisikia sasa bado hakijawa lahaja ya mahali popote. Ni usanifu mtupu, safi, uliosafiri vizuri.

Atatokea na wa pili: wewe Mswahili unawakosoa Wachina kwa kipi? Nitamjibu kwamba mgeni anayepiga makofi kwa kila kitu hamheshimu mwenyeji wake. Anamchukulia kama pambo. Mtoto aliyefunga kucha kwa utepe na kufanya mazoezi miaka minane anastahili mtu wa kumwambia, "ile sauti ya tatu uliiacha mapema," kuliko mia wanaomwambia "umependeza." Tena wazazi wengi ukumbini wanatazama kupitia kioo cha simu wakirekodi. Wanahifadhi picha ya kulia na kushoto, lakini kwa dakika zile hawasikilizi hata mkono mmoja.

Basi nini kifanyike? Sina makubwa. Waandaaji waandike kwenye ratiba kibao ni cha lahaja gani na mwanafunzi alikipokea kwa nani. Mwalimu atenge dakika mbili kabla ya kibao cha pole, aupige mstari mmoja kwa namna mbili, ya Henan na ya Zhejiang, watu wasikie tofauti. Dakika mbili hazimchoshi mtu. Daraja za juu ziwe na angalau kibao kimoja kisicho na kasi kabisa, ambacho mwanafunzi hana pa kujificha. Na sisi wageni tukialikwa, tukae upande ambao mkono wa kushoto unaonekana.

Kisha twende nyumbani tujiulize yetu. Tuna vyama vya Watanzania na Wakenya miji yote hii, tuna Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, tuna harusi kila mwezi wa saba na wa nane. Muziki tunao, unatoka kwenye kompyuta ya diskjoki. Ngazi hatuna kabisa, na masikio tuliyokuja nayo yanazeeka pamoja na wenye nayo. Wachina wa Texas wakiamua kuyaamsha masikio yao, wataikuta guzengi ipo sebuleni inawangoja. Sisi tukiamua, tutaanza kwa kutafuta ganuni ya kununua.

Nawasilisha. Mwenye kubisha abishe, lakini asikilize kwanza.

Wasalaam.